Gasketi ya hedi au kipoza oili? Namna ya kutambua maji yanapoingia katika injini ya boti

INJINI ya boti inapochemka katikati ya Ghuba ya Speke, nahodha hana kando ya barabara ya kuegesha wala mti wa kukaa kivulini akisubiri ipoe. Upepo humsukuma atakako, abiria huanza kuulizana, na mara nyingi maji yaleyale yaliyopaswa kuipoza injini ndiyo yanayoiua kwa ndani.

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, una wilaya tano ambazo ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Kati ya hizo ni Busega pekee inayogusa Ziwa Victoria. Bariadi, makao makuu ya mkoa, haina ufukwe. Ipo umbali wa takribani kilomita 70 kutoka Lamadi, mji ulio jirani na ziwa katika barabara kuu iendayo Mwanza na Musoma.

Umbali huo una maana kwa mwenye boti. Fundi aliyejifunza kazi Bariadi katika malori ya pamba, matrekta na mashine za kusaga nafaka anaijua injini ya dizeli vilivyo. Asichokijua ni mambo machache ambayo boti inayo na lori halina, na ni katika mambo hayo ndipo hedi hufunguliwa bure, gasketi ikabadilishwa, na boti ikarudi majini na ugonjwa wake uleule.

Mitumbwi mingi ya wavuvi ziwani hutumia injini za kupachika nyuma. Injini za ndani, yaani zile zinazokaa ndani ya chombo na kuzungusha pangaboi kwa shafti ndefu, hupatikana zaidi katika vivuko na maboti makubwa ya mizigo na abiria. Nyingine zilitengenezwa kwa ajili ya majini tangu kiwandani. Nyingine ni injini za malori zilizogeuzwa kwa kuwekewa mfumo mwingine wa kupoza. Hizi za kundi la pili ndizo zinazowasumbua mafundi kuliko zote, kwa kuwa kila mgeuzaji aligeuza kwa namna yake.

Gasketi ya hedi ni bamba jembamba linalokaa kati ya bloku na hedi. Kazi yake ni tatu kwa wakati mmoja: kuzuia mgandamizo wa moto ndani ya silinda usitoroke, kuzuia maji yanayopita kati ya bloku na hedi yasivuje, na kuzuia oili isichanganyike na vyote viwili. Katika injini ya dizeli mgandamizo wa moto unapowaka hupita mara 50 ule wa hewa ya kawaida, na katika injini za kisasa hupita hata mara 100. Bamba lile hustahimili hayo mara mamia kila dakika.

Kwa hiyo gasketi haifi kwa namna moja. Ikikatika kati ya silinda na njia ya maji, moto husukuma gesi ndani ya maji, tangi la juu huanza kutoa mapovu na hozi hukakamaa kama jiwe hata injini ikiwa bado ya vuguvugu. Ikikatika kati ya njia ya maji na ya oili, oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Ikikatika kati ya silinda mbili zilizo jirani, hakuna maji yanayoonekana popote. Injini hupoteza nguvu tu, hutetemeka, na silinda mbili zilizo pamoja huonyesha kompresheni ndogo. Na ikivuja kwenda nje, huacha alama ya unyevu, kutu au masizi kwenye kiungo cha hedi na bloku, na huo ndio ugonjwa mwepesi kuliko yote.

Mwenye mashine ya kusaga anayetumia ile injini ya dizeli ya mwendo wa taratibu inayopozwa kwa pipa la maji ameshaona jambo hili bila kulipa jina. Pipa likianza kuchemka mapovu dakika ya kwanza baada ya kuwasha, maji yakiwa bado baridi, gesi inatoka katika silinda. Kanuni hiyohiyo inatumika katika boti ya abiria 100.

Tatizo ni kwamba katika boti kila dalili ya gasketi ina mwenzake anayefanana nayo.

Lori lina maji ya aina moja: yaliyomo ndani ya rejeta. Boti nyingi zina maji ya aina mbili. Yapo maji ya ndani yanayozunguka katika bloku na hedi, na yapo maji ya ziwa yanayovutwa na pampu yenye impela ya mpira, yakapita katika kipozeo chenye mirija myembamba, yakachukua joto la maji ya ndani bila kugusana nayo, kisha yakatupwa nje, mara nyingi kupitia bomba la ekzosi. Njiani maji hayo ya ziwa huweza kupita pia katika kipoza oili cha injini na kipoza oili cha giaboksi. Kila mahali yanapopita ni mahali yanapoweza kuvujia.

Hapo ndipo swali la kwanza linapozaliwa, nalo si kama gasketi imekufa au la. Swali ni maji yaliyomo katika oili yametoka wapi: ndani au ziwani?

Fundi wa Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar ana msaada ambao mwenzake wa Busega hana. Maji ya bahari yana chumvi. Yakivuja huacha ukoko mweupe kwenye kiungo, na yakitenganishwa na oili hutambulika kwa urahisi kuwa ni ya bahari. Ziwa Victoria ni maji baridi. Tone lililotoka ziwani na tone lililotoka ndani ya bloku havina tofauti kwa jicho wala kwa ulimi iwapo mwenye boti amekuwa akijaza injini maji ya ziwa kwa ndoo.

Dawa yake ni rahisi na ni ya bei ndogo kuliko gasketi moja: kutumia maji ya kupozea yenye rangi, ya kijani au mekundu, yale yanayouzwa kwa ajili ya rejeta za magari. Mbali na kuzuia kutu, rangi hiyo ni shahidi. Ikionekana katika ngama, katika sampu au kwenye mdomo wa ekzosi, maji yametoka ndani. Maji yasiyo na rangi yanapoonekana katika sampu huku kiwango cha tangi la juu hakijashuka, ziwa limeingia, na hakuna gasketi ya hedi itakayoponya hilo isipokuwa kama injini hupozwa moja kwa moja na maji ya ziwa.

Uchunguzi unaofaa huanza asubuhi, injini ikiwa imelala usiku kucha. Kwanza ni kijiti cha oili. Kiwango kikiwa kimepanda bila mtu kuongeza oili, kuna kitu kimeingia, ama maji ama dizeli. Dizeli huifanya oili kuwa nyepesi na kunuka. Maji huifanya nzito na kuibadili rangi. Utando wa maziwa chini ya kifuniko cha kujazia oili peke yake si ushahidi wa kutosha, kwani injini inayowashwa kwa safari fupi bila kupata moto kamili hukusanya mvuke hapo. Watu wengi wamefungua hedi kwa sababu ya utando huo tu.

Maji ni mazito kuliko oili, hivyo usiku hutuama chini ya sampu. Katika lori fundi angelegeza nati ya sampu kidogo na kutazama kinachotangulia kutoka. Katika boti nati hiyo mara nyingi haifikiki kwa kuwa injini imekaa karibu mno na mkuku. Hapo hutumika pampu ndogo ya kunyonya yenye mrija mwembamba unaoshushwa kupitia tundu la kijiti mpaka chini kabisa. Kikitoka kitu cheupe au maji matupu kabla ya oili, jibu limepatikana.

Ikiwa bado kuna shaka, tone moja la oili hudondoshwa juu ya bamba la chuma lililopashwa moto, mbali na boti na mbali na mafuta. Oili safi hutoa moshi kimyakimya. Oili yenye maji hupasuka na kulia kama chumvi iliyotupwa motoni. Kipimo hiki hakihitaji kifaa chochote cha dukani, na ni cha kutegemewa kuliko rangi.

Baada ya kijiti huja tangi la juu. Kifuniko kifunguliwe injini ikiwa baridi tu. Tangi hujazwa hadi juu, injini huwashwa, na mapovu hutazamwa. Yakitoka kwa dakika chache kisha yakakoma, ilikuwa hewa iliyonaswa katika njia. Yakiendelea bila kukoma na kuongezeka injini inapopewa mzigo, ni gesi ya silinda. Duka la vipuri likiwa na ile dawa ya maji ya buluu inayobadilika rangi ikikutana na gesi ya moto, itumike. Lakini katika dizeli inayozunguka bila mzigo gesi hiyo huwa kidogo, na dawa kutobadilika rangi hakumaanishi gasketi ni nzima.

Kwa injini isiyo na tangi, inayopozwa na maji ya ziwa moja kwa moja, hozi ya maji hutenganishwa kabla haijaingia katika ekzosi na mdomo wake ukaelekezwa ndani ya ndoo. Mapovu yataonekana ndani ya ndoo. Tahadhari: pampu inayovuta hewa katika hozi ya kuingizia maji, kwa klampu iliyolegea au chujio lisilofungwa sawasawa, hutoa mapovu yanayofanana. Upande wa kuvuta ukaguliwe kwanza.

Moshi nao una lugha yake, ingawa katika boti huongopa. Ekzosi inayochanganywa na maji hutoa mvuke mweupe kila siku, hasa alfajiri ziwa likiwa na baridi. Mvuke wa maji hupotea hewani mita chache nyuma ya boti. Moshi mweupe wa dizeli isiyoungua huelea, hunuka na kuwasha macho, na unatokana na noseli, kompresheni ndogo au injini baridi. Kilicho cha kutia wasiwasi ni mvuke mwingi unaoendelea injini ikiwa imeshapata moto, huku tangi la juu likipungua.

Kipimo chenye majibu ya uhakika zaidi kabla ya kufungua chochote ni cha shinikizo. Pampu ya mkono yenye geji hufungwa mahali pa kifuniko cha tangi, na mfumo husukumwa hadi kiwango kilichoandikwa kwenye kifuniko chenyewe, ambacho kwa injini nyingi ni kati ya pauni 7 na 15 kwa inchi ya mraba. Kisha husubiriwa dakika 20. Mshale ukisimama, mfumo ni mzima angalau ukiwa baridi. Ukishuka na nje hakuna hata tone, maji yanakwenda ndani, ama katika silinda, ama katika oili, ama katika upande wa maji ya ziwa.

Pamoja na hayo kifuniko chenyewe kisidharauliwe. Ziwa Victoria lipo takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji yasiyofungwa huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi badala ya 100. Kifuniko kizuri cha pauni 7 hukisogeza kiwango hicho hadi karibu nyuzi 108. Kifuniko chenye mpira uliokauka hukirudisha chini, injini ikaonekana inachemsha na kutapika maji, na gasketi ikahukumiwa bila kosa. Ni vyema kifuniko kikabadilishwa kabla ya mengine yote.

Ikishathibitika kuwa maji yanakwenda ndani, wanaoshukiwa huchunguzwa mmoja mmoja, kuanzia walio rahisi kufikiwa.

Kipoza oili ndiye wa kwanza. Injini ikifanya kazi, shinikizo la oili ni kubwa kuliko la maji, hivyo mrija uliotoboka hupeleka oili majini. Kama maji yapitayo humo ni ya ndani, tangi la juu huelea mafuta. Kama ni ya ziwa, oili hutupwa nje na boti huacha ukanda wa mng'aro nyuma yake, huku kiwango cha oili kikishuka pasipo sababu. Injini ikizimwa mambo hugeuka: oili haina tena shinikizo, na maji huingia upande wake. Ndiyo maana nahodha huweza kufunga boti jioni ikiwa nzima na kuikuta asubuhi na chai ya maziwa katika sampu. Kipoza hicho hufunguliwa, tundu zake huzibwa, huzamishwa katika ndoo ya maji na kupulizwa upepo. Mapovu yakionekana, hedi haina hatia.

Oili ya giaboksi ikigeuka maziwa, mshukiwa ni kipoza chake mwenyewe au sili ya shafti. Gasketi ya hedi haiwezi kupeleka maji katika giaboksi, lakini wapo waliowahi kuambiwa hivyo.

Pampu ya maji ya ziwa inayozungushwa na gia za injini ina sili mbili, moja ya maji na nyingine ya oili, na kati yake pana kitundu kidogo cha kutolea maji yaliyovuka sili ya kwanza. Kitundu hicho kikizibwa na rangi, grisi au tope, maji hayana pa kutokea isipokuwa kupenya sili ya pili na kuingia katika injini. Ni hitilafu ndogo ya sili, na imewahi kugharimu beringi za injini nzima. Tone linalodondoka katika kitundu si ugonjwa wa kuziba kwa gundi, ni taarifa.

Kiwiko cha ekzosi ndicho mshukiwa anayesahaulika kuliko wote, kwa kuwa malori hayana. Hapo ndipo maji ya ziwa huchanganywa na moshi. Kikitoboka kwa ndani kutokana na kutu, maji hurudi nyuma kupitia vali ya kutolea moshi mpaka ndani ya silinda. Vilevile injini iliyokaa chini ya usawa wa maji ya nje huweza kujazwa na ziwa lenyewe kwa njia ya mvuto wa hozi iwapo vali ya kukata mvuto huo imekwama.

Na yapo makosa ya mkono. Injini inapokataa kuwaka na stata ikazungushwa tena na tena, pampu huendelea kuvuta maji ya ziwa ilhali hakuna moshi wa kuyasukuma nje. Bomba la ekzosi hujaa, kisha maji hupanda hadi kwenye silinda. Vali ya kuingizia maji ya ziwa ifungwe wakati wa kuhangaika na injini isiyowaka, na ifunguliwe mara tu inapowaka.

Hapa ni lazima kutaja hatari moja kwa uzito wake. Maji hayagandamiziki. Pistoni ikikutana na silinda iliyojaa maji huku stata ikisukuma kwa nguvu, kinachopinda ni konrodi. Inaposhukiwa kuwa kuna maji katika silinda, noseli zote hutolewa, injini huzungushwa kwanza kwa spana mkononi, na baadaye kwa stata huku kila mtu akisimama mbali na tundu za noseli. Tundu litakalorusha maji litaonyesha silinda yenye tatizo.

Noseli zikiwa tayari zimetolewa, fundi anaweza kupima kompresheni. Injini nyingi za dizeli zilizo nzima husoma kati ya pauni 350 na 500. Namba yenyewe si muhimu kama ulinganifu: silinda moja ikiwa chini ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 10 inahitaji maelezo, na mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja karibu daima ni gasketi iliyokatika katikati yao. Kisha kila pistoni huletwa juu kwa zamu, vali zote zikiwa zimefungwa, na upepo wa kompresa huingizwa katika tundu la noseli. Sikio hufanya kazi iliyobaki. Upepo ukisikika kwenye tundu la oili, ringi zimechoka. Ukisikika kwenye ekzosi au njia ya hewa, vali haifungi. Ukitoa mapovu katika tangi la juu, ni gasketi au hedi iliyopasuka. Ukitokea katika silinda ya jirani, hakuna haja ya kuuliza tena.

Maji yanayokutwa katika ngama nayo yasiharakishwe kulaumiwa injini. Shafti ya pangaboi inayopita kwenye kuta za chombo kwa kutumia kamba zenye grisi hudondosha matone machache kwa dakika ikizunguka, na hivyo ndivyo ilivyotengenezwa, kwani matone hayo ndiyo yanayoipoza. Mkondo unaoendelea ni jambo jingine. Boti ikiwa imefungwa, injini imezimwa na ngama bado inajaa, chanzo ni shafti, vali au mbao.

Ikiwa vipimo vyote vimeielekea hedi, ifunguliwe. Boliti hulegezwa kwa hatua, kuanzia pembeni kuelekea katikati, injini ikiwa baridi. Gasketi iliyotoka isitupwe jalalani kabla haijasomwa: mahali ilipokatika pana alama nyeusi ya moto au sehemu iliyooshwa ikawa safi, na mahali hapo ndipo pa kutazama kwenye hedi na kwenye bloku. Gasketi iliyoungua mahali pamoja inazungumzia ufa, boliti iliyolegea au laina iliyozama. Iliyochakaa kote inazungumzia uzee au joto.

Rula ya chuma iliyonyooka huwekwa juu ya uso wa hedi kwa urefu, kwa upana na kwa mishazari, na fila geji hujaribiwa chini yake. Kipimo kinachokubalika hutoka katika kitabu cha mtengenezaji. Kwa injini nyingi ndogo na za kati upinde unaozidi sehemu ya kumi ya milimita haukubaliki. Hedi iliyopinda hupelekwa kuskimiwa katika karakana yenye mashine, ambayo kwa mwenye boti wa Busega maana yake mara nyingi ni safari ya Mwanza. Ni busara hedi ipimwe kwa shinikizo la maji kabla ya kuskimiwa, si baada, kwa sababu nyufa kati ya vali hazionekani kwa macho na kuskimu hedi iliyopasuka ni kutupa fedha mara mbili. Pia kuna mpaka wa kuskimu: hedi ikipunguzwa kupita kiasi, vali hukutana na pistoni.

Katika injini zenye laina za kuchomoka, laina inapaswa kuchomoza kidogo juu ya uso wa bloku ili ibane gasketi. Ikiwa imezama, gasketi mpya itadumu majuma machache. Kipimo hiki hurukwa na mafundi wengi, na ndicho kinachoeleza kwa nini baadhi ya injini "zinakula gasketi".

Wakati wa kufunga, matundu ya boliti yakaushwe. Oili au maji yaliyobaki chini ya boliti huweza kuipasua bloku au kumdanganya mwenye spana. Spana ya toki si anasa. Boliti hubanwa kutoka katikati kwenda pembeni, kwa hatua tatu au kwa kipimo na pembe kama kitabu kinavyoagiza, na zile zilizotengenezwa kuvutika mara moja hazirudiwi. Silikoni haipakwi kwenye gasketi ya hedi ila pale mtengenezaji alipoandika hivyo.

Lakini gasketi ni nadra kufa kwa kifo chake. Mara nyingi joto limetangulia, na joto nalo lina chanzo. Katika Ghuba ya Speke cha kwanza cha kutazama ni tundu la kuingizia maji: magugumaji, vipande vya nyavu na tope. Mto Simiyu na vijito vingine vinavyomwaga maji yake katika ghuba hiyo huleta tope jingi wakati wa mvua, na tope hilo hutuama katika mirija ya kipozeo. Impela ya mpira iliyozunguka bila maji hata kwa dakika moja huweza kuharibika, na meno yake yaliyokatika hayapotei. Huenda yakaziba mirija mbele. Ikibadilishwa, meno yahesabiwe na yaliyopungua yatafutwe.

Ipo pia desturi ya kuitoa temostati na kuitupa kwa madai kuwa inaleta joto. Temostati ikitolewa, injini hufanya kazi baridi, oili hukusanya maji na masizi, na katika injini ambazo temostati hufunga njia ya mchepuko, maji huzunguka ndani bila kupita katika kipozeo na joto hupanda kuliko mwanzo. Temostati hupimwa kwa kuitumbukiza katika sufuria ya maji yanayopashwa moto pamoja na kipimajoto. Isipofunguka kwenye nyuzi zilizoandikwa juu yake, inunuliwe nyingine.

Nahodha aliye majini na geji ikapanda hana nafasi ya haya yote. Apunguze mwendo, atazame kama maji yanatoka kwenye ekzosi, na yasipotoka azime injini na kutia nanga ikiwa kina kinaruhusu. Abiria wavae maboya mapema, upepo ukiwa bado mdogo. Chujio la maji ya ziwa hufunguliwa na kusafishwa kwa dakika chache, vali ikiwa imefungwa. Kifuniko cha tangi kisiguswe mpaka hozi ilegee mkononi. Maji ya ziwa yanaweza kuongezwa kwa dharura, ila si ya baridi kwa mkupuo ndani ya bloku yenye moto, kwa sababu hapo ndipo hedi hupasuka. Oili ikiwa imeshageuka maziwa, kila dakika ya kuendelea na safari hulipwa na beringi. Nahodha huichagua gharama hiyo pale tu uhai wa watu unapoidai.

Baada ya matengenezo, oili iliyokuwa na maji humwagwa pamoja na fileta, injini huwashwa kwa muda mfupi na oili mpya ya bei nafuu, nayo humwagwa pia, mpaka kijiti kitoke safi. Boti hufungwa gatini na kuendeshwa na mzigo kwa kamba kabla ya kupakia mtu. Asubuhi ya pili kijiti na tangi hutazamwa tena, injini ikiwa baridi, na kwa injini ambazo kitabu chake kinaagiza hivyo, boliti za hedi hubanwa upya baada ya saa za kwanza za kazi.